Nilimkwangua aiptasia kwa kisu, nikajuta

Jamani wenye matanki ya samaki na viumbe vya maji chumvi, ukiona kidude cha kahawia chenye vimikono vyembamba kimechipuka kwenye jiwe usifurahi kama mimi. Nilidhani nimepata mtoto wa anemoni, yule mnyama wa baharini anayefanana na ua, wa bure, nikapiga hadi picha nikamtumia dada yangu Tanga. Kumbe aiptasia, anemoni msumbufu anayezaana ovyo kama magugu! Nilipoambiwa ni balaa nikachukua kisu nikamkwangua, nikajua yameisha, baada ya wiki tatu nahesabu kumi na saba, kwenye mawe, nyuma ya pampu, mpaka kwenye kioo. Yaani kakipande kadogo tu ka mguu wake kakibaki pale kanaota mwingine mzima, kwa hiyo mimi na kisu changu tulikuwa tunapanda shamba.

Nikajaribu ndimu kwa bomba la sindano. Inaua kweli ila jamaa ukimgusa tu anajivuta ndani ya tundu, unabaki unadunga jiwe. Kilichonisaidia ni chokaa, jamii ile ile bibi anayopaka kwenye tambuu, hapa Minneapolis inauzwa supamaketi kwa watu wa achari. Koroga na maji kidogo iwe nzito kama uji, zima pampu zote, vuta kwa bomba, sogea polepole bila kumshtua umwagie katikati pale mdomoni, atajikunja nayo. Mi nasubiri kama dakika ishirini ndo nawasha pampu. Na usiue wote siku moja maana chokaa inapandisha pH (kipimo cha uasidi wa maji; ikipanda uasidi unapungua), wanne watano wanatosha, na isidondokee matumbawe yako.

Kamba wa pepaminti, wale kamba wadogo wa baharini, nao wanawala aiptasia, ila angalia unachouziwa. Mimi nilipewa kamba wengine wanaofanana nao, wenye nundu mgongoni, wakaanza na matumbawe yangu laini. Pesa yangu hiyo!

Waliojificha nyuma ya mawe nimewaachia berghia, konokono wa baharini asiye na gamba, mdogo, hata kucha ya kidole gumba haifikii vizuri. Huyu chakula chake ni aiptasia tu, wakiisha anakufa njaa, so tafuta mapema mwenzio wa kumpa.

Sasa anemoni wangu mwenyewe, yule mwenye ncha zilizovimba kama puto. Huyu nilimweka tanki likiwa na miezi tisa, joto nyuzi 25 hadi 26 za Selsiasi, chumvi 1.025 kwa kipimo cha uzito wa maji, sikutaka haraka. Lakini hapendi fujo. Siku niliyomwaga chokaa karibu yake alihama usiku, asubuhi namkuta amejibana kwenye mdomo wa pampu, bahati nilishaifunga sponji, la sivyo angesagwa na tanki zima lingechafuka.

Jana usiku nimemulika na tochi nyekundu, nimeona aiptasia mmoja tu, chini kabisa ya jiwe kubwa. Berghia wawili wako pembeni yake kama upana wa kidole.