Pumzi Yangu na Taa ya Ajji

Oktoba 2011 nilikuwa mwaka wa pili wa masomo Pune, India, nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane, mtaa wa Sadashiv Peth. Wapangaji wote tulimwita Ajji, yaani bibi kwa Kimarathi.

Jioni ile umeme ulikatika. Ajji alikuwa ameshawasha samai, taa yake ya shaba iliyosimama mbele ya miungu ya nyumbani: mguu mrefu, juu kisahani chenye midomo mitano, kila mdomo na utambi wa pamba aliousokota mwenyewe. Umeme uliporudi nikaona mafuta ya ufuta yanateketea bure. Nikainama, nikapuliza. Kwetu Korogwe ndivyo tulivyozima koroboi kila usiku.

Ajji akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Hakunigombeza. Aliutazama moshi kwanza.

"Mjukuu wangu," akasema kwa Kihindi cha polepole ili nimwelewe, "pumzi ya mdomoni ni makombo. Mgeni hapewi makombo."

Mgeni mwenyewe ni Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, ambaye Ajji alimkaribisha kwa mwanga ule kila magharibi. Taa yake aliiacha ijimalize, au aliurudisha utambi taratibu ndani ya mafuta. Wala hakusema taa imezimika, alisema imetulia. Nimeishi na watu wengi wa dini, lakini adabu kama ile kwa moto mdogo sijaiona tena.

Nikamwomba radhi. Akaniita jikoni. Ilikuwa Dhantrayodashi, moja ya siku za mwanzo za Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, naye alikuwa akikanda unga wa ngano na manjano kwa ajili ya taa ya Yama, mungu wa mauti. Akanikatia donge. Nikalibonyeza kwa kidole gumba mpaka likawa kikombe. Ufa ukatokea ukingoni, akaupaka maji, ukazibika.

Tukaiweka nje ya mlango, utambi ukielekea kusini, upande wa Yama. Siku nyingine hakuruhusu taa ielekee huko kabisa. Usiku huo mmoja mwanga humwomba Yama asimjie mtu wa nyumba ile kabla ya wakati wake.

Ajji akafumba macho, akawataja watu wake mmoja mmoja: mwanawe, mkwewe, wajukuu wawili. Nikadhani amemaliza. Akalitaja na jina langu.

Yeye akaingia ndani. Mimi nikabaki kizingitini, nikiikinga taa na upepo kwa viganja, hadi mafuta yalipokwisha ikatulia yenyewe.