Nilivyomshawishi mjomba aache mikorosho mingine bila dawa

Huku Newala, kusini mwa Tanzania, ukimwambia mkulima aache mikorosho yake kadhaa bila kuipulizia dawa ambayo kijiji kizima kinaisifu, atakuangalia kama mtu aliyekuja kumwibia. Ugumu wote ulikuwa hapo. Mizani, ndoo na daftari vya kulinganishia mavuno tulivipata bila shida.

Dawa yenyewe haikuwa salfa. Salfa hatubishani nayo. Bila salfa, ukungu wa asubuhi za Juni na Julai ukishatanda huku juu kwenye uwanda wa Makonde, ugonjwa wa ubwiriunga unaingia kwenye maua na mkorosho unabaki mweupe kama umemwagiwa unga. Mabishano yalikuwa juu ya maji fulani ya kuongeza maua, yaliyoletwa na wakala aliyekuwa tayari kukopesha hadi siku ya mnada. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa ameyajaribu msimu uliotangulia na mikorosho yake ilizaa kwelikweli. Kikundi chetu kikataka kukopa kwa pamoja. Nilipouliza tunajuaje kwamba ni yale maji, mjomba alinijibu kwa upole anaoutumia akiwa amekasirika:

"Mwalimu, nilipuliza, ikazaa. Unataka ushahidi gani tena?"

Nilisoma saikolojia kidogo wakati wa ualimu, na jambo lililonikaa kichwani kuliko yote ni kazi ya Patricia Cheng, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles. Mwaka 1997 alichapisha nadharia ya jinsi binadamu anavyokadiria nguvu ya chanzo. Wengi walikuwa wakiamini kwamba tunafanya hesabu ya kutoa: tokeo linatokea mara ngapi chanzo kikiwepo, mara ngapi kisipokuwepo, basi toa hiki kwenye kile. Cheng akaonyesha kwamba hesabu hiyo peke yake haitoshi. Chukua wagonjwa ambao wote wanaumwa kichwa kabla hata ya kumeza dawa. Wakimeza, wote wakaendelea kuumwa, tofauti ni sifuri. Je, tuseme dawa ile haisababishi maumivu ya kichwa? Mtu mwenye akili timamu atasema hapa hapapimiki, kichwa kilikuwa kinauma tangu mwanzo. Lakini ukiuliza kama dawa inazuia maumivu, wagonjwa haohao wanakupa jibu: haikuzuia. Na kinyume chake, mahali ambapo ugonjwa haupo kabisa huwezi kuipima kinga. (Ndiyo maana mwaka ambao ubwiriunga hauonekani, kila dawa ya ubwiriunga inasifiwa.)

Sasa mjomba alikuwa amepuliza maji yale wapi? Nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho inayopata samadi ya mbuzi na palizi ya kwanza. Sikumbishia. Nilimuuliza tu, "Mjomba, ile ya nyuma ya nyumba, kabla ya maji haya, ilikuwa inazaaje?"

"Ile? Ile haijawahi kuniangusha." Akanyamaza kidogo. "Lakini safari hii ilizidi."

Huenda kweli ilizidi. Ila mti unaozaa sana kila mwaka hauna nafasi kubwa ya kukuonyesha nguvu ya kitu kipya. Tulihitaji mikorosho ya wastani, ile inayozaa mwaka huu na kusuasua mwaka mwingine.

Kwa wanakikundi nilianza na mchezo. Baada ya kikao kimoja niliwaambia kwamba namba 2, 4, 6 zinafuata kanuni niliyo nayo kichwani; wao wanitajie namba tatu tatu, mimi nitasema ndiyo au hapana, mpaka waijue kanuni. Wakanipa 8, 10, 12. Ndiyo. 20, 22, 24. Ndiyo. Wakashangilia: zinaongezeka kwa mbili! Hapana. Ilichukua muda hadi mama mmoja muuza mihogo akasema 1, 2, 3, akapata ndiyo, kisha kwa kutania akasema 6, 4, 2. Hapana. Kanuni ilikuwa namba zozote tatu zinazopanda, basi. Mchezo huu ni wa Peter Wason, mwanasaikolojia wa London, aliyeuchapisha mwaka 1960. Kati ya wanafunzi wake 29 wa chuo kikuu, 6 tu ndio waliotaja kanuni sahihi bila kutanguliza iliyo mbovu. Nililitaja hilo makusudi, asijione mtu kwamba ameshindwa kwa kuwa hakusoma. Wengi hutafuta ndiyo tu. Yule mama alifika kwa sababu aliomba hapana.

Vijana walielewa haraka. Mjomba alisema mchezo wa namba si shamba, na hapo alikuwa na haki.

Kilichomlainisha ni masharti. Kwanza, hakuna mti utakaonyimwa salfa. Yote inapulizwa kama kawaida, tofauti ni yale maji peke yake. Pili, kuchagua. Mimi nilitaka turushe sarafu kwa kila mti, kwa sababu mtu akichagua mwenyewe dawa itaenda kwenye mti anaoupenda. Akakataa: shamba si kamari. Tukapatana hivi: yeye, anayeujua kila mkorosho tangu mche, achague jozi za miti inayofanana kwa umri, kivuli na uzaaji; sarafu ya shilingi mia mbili iamue ndani ya jozi upi unapata maji. Alizunguka shamba kwa furaha ambayo sikuitarajia, akikataa jozi nilizozipendekeza mimi. "Hizi zinafanana kwa macho tu," aliniambia, "huo mmoja mizizi yake imekaa kwenye mwamba."

Uokotaji ndio uliotusumbua. Korosho huanguka chini, na matawi ya mikorosho ya zamani yanagusana, hivyo korosho ya mti huu inadondokea kwa mwenzake. Jozi kadhaa ilibidi tuziache. Tulifunga vitambaa vya kanga, kila mti ukawa na ndoo yake, na watoto wakaambiwa atakayechanganya hatapewa mabibo. Zilipokauka tukapima.

Katika baadhi ya jozi mti uliopata maji ulitangulia, katika nyingine ukabaki nyuma. Hakukuwa na mwelekeo wa kumfanya mtu aingie deni. Niliwaambia hivyohivyo: kwenye miti hii, kwa msimu huu, maji haya hayajaonyesha nguvu ya kulipa gharama yake.

Mjomba hakusalimu amri. Alisema labda maji yanafanya kazi penye samadi tu. Nikamwambia hilo ni swali zuri, na kwamba mwaka 2004 Cheng na mwenzake Laura Novick waliandika hasa kuhusu vyanzo vinavyopata nguvu vikikutana. Hakumjali Novick, lakini alinipa mfano wake mwenyewe. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Kufikia 1986/87 hazikufika 20,000. Wazee wengine wanalaumu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, wengine bei, wengine ubwiriunga. "Mimi nilikuwepo," alisema mjomba. "Tulihamishwa mbali, mashamba yakawa msitu, hewa haipiti. Unga ulipokuja ukakuta nyumba iko wazi. Utasema ni kimoja?"

Kikundi hakikukopa. Wachache walikopa kwa majina yao, ni hiari yao. Mjomba amehama kabisa kwenye maji: sasa anataka kujua kama salfa inayopulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande, inashinda ile ya jioni. Jozi ameshaanza kuzichagua, na bwana shamba amekubali kuja kupima. Nimemwomba tu achague miti iliyoachana zaidi, maana vumbi la salfa hupeperuka mbali kuliko maji.