Mashine ya kutotolesha, siku ya 9: nyuzi joto mbili zilizopotea

Mayai 14 niliyoanza nayo yametimiza siku 9 kwenye mashine yangu ya kutotolesha vifaranga. Ni boksi la mbao lenye balbu mbili, feni ndogo ya kompyuta na bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo inayosoma joto na kuendesha programu yangu. Joto linapimwa na LM35, kidude cha miguu mitatu kinachotoa milivolti 10 kwa kila nyuzi. Yai la kuku linataka nyuzi 37.5, yaani milivolti 375.

Siku ya kwanza, mchana, niliijaribu kwa umeme wa kompyuta, ikaenda vizuri. Jioni nikahamia kwenye chaja ya simu, nikapanga mayai. Kioo cha kuonyesha namba kikaandika 37.6. Mama akaja, akachukua yai moja, akaligusisha shavuni.

"Haya hayana joto la kuku, mwanangu."

Nikamwonyesha kioo. Hakukiangalia hata kidogo. Nikaleta kipimajoto cha homa, nikakilaza katikati ya mayai: 35.3. Nilihisi tumbo limenikata.

Usiku ule ndipo nilipoelewa bodi inavyosoma. Volti za LM35 hupanda polepole kama maji kwenye ndoo, lakini bodi inajua kuhesabu tu. Inachukua volti yake ya rejea, yaani ile inayoitumia kama rula, inaigawa vipande 1,024, kisha inahesabu LM35 imefika kipande cha ngapi. Rejea ikiwa volti 5, kipande kimoja ni karibu milivolti 4.9, nusu nyuzi nzima. Kumbe ndiyo maana kioo kilikuwa kinaruka 37.1, 37.6, 38.1, katikati hakuna kitu! Na programu yangu iliamini rejea ni volti 5 kamili, wakati mita ilionyesha chaja inatoa 4.7. Vipande vikawa vyembamba, hesabu ikavimba: vipande 77 nilivyoviita nyuzi 37.6 vilikuwa 35.3.

Dawa ni mstari mmoja wa programu, analogReference(INTERNAL). Bodi inaacha kutegemea chaja na kutumia rejea iliyo ndani ya chipu yenyewe, volti 1.1. Usiiamini hiyo 1.1 kama ilivyoandikwa, maana kila chipu ina yake. Pima kwenye pini ya AREF, inakotokea volti hiyo ya rejea. Yangu ni 1.09. Sasa kipande kimoja ni kama sehemu ya kumi ya nyuzi, na kioo kinatembea badala ya kuruka. Natupa usomaji wa mwanzo, kisha nachukua wastani wa usomaji 32. Waya wa LM35 nimeutenga na waya za balbu, kwa sababu kila rilei, swichi inayowasha na kuzima balbu, ilipolia namba zilishtuka.

Jana usiku niliyamulika kwa tochi. Mayai 11 yana mishipa myekundu imetandaa kama mizizi. Matatu ni meupe, nimeyatoa. Siku ya 18 naacha kuyageuza na kuongeza sahani ya pili ya maji.

Mama anapita kila jioni. Anaanza na yai shavuni, ndipo ananiuliza kioo kinasemaje.