Jikoni kwangu kumepumua

Jamani, miaka yote friji langu lilibanana na jiko la gesi, ubavu wake unachemka kila nikipika ubwabwa. Jumamosi tumelihamishia karibu na mlango na kuliachia nafasi ya kiganja nyuma lipate hewa. Jiko la pleti mbili limeondoka. Jipya la pleti nne liko chini ya dirisha. Fundi alitaka kurudishia mpira wa gesi wa zamani. Nikaukunja: nyufa tele! Nikagoma, tukanunua mpya. Kisha nikapaka maji ya sabuni kwenye maungio yote, nikatazama kama kuna mapovu. Hakuna. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, kwa hiyo mtungi nimeutoa nje kabisa. Mama alipofika alisimama dirishani, anatazama mwembe huku chai ikichemka.