Rejeta mpya, Kitonga tumepanda bila kusimama

Wanaopita Kitonga, ule mlima mkali wa barabara ya kwenda Iringa, wanaelewa, lori la zamani likiwa na mzigo pale mshale wa joto unapanda na wewe presha inapanda. Letu lilikuwa linachemsha kila safari, tunasimama pembeni tunasubiri lipoe (jamani usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto, yale maji yanaunguza vibaya sana). Mwezi uliopita nikaamua kuingia gharama, nikatoa rejeta (ile inayopoza maji ya injini) ya safu tatu za mirija iliyojaa kutu nikaweka ya safu nne, klachi ya feni, ile inayoshika feni izunguke na injini, nikabadilisha maana ilikuwa inateleza, na lile kava la feni lililotolewa zamani tukalirudisha, watu wanalidharau lakini bila hilo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta. Themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, pia imerudi, inafunguka kwenye digrii 82. Mafundi wengi wanaitoa na mimi sikubaliani nao kabisa, injini ikikaa baridi muda wote inakula mafuta na inachakaa mapema. Maji ya bomba matupu basi tena, sasa ni kulanti (dawa ya kupozea injini) na maji nusu kwa nusu. Juzi tumetoka Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, jua kali, tumepanda mpaka juu na mshale haujavuka katikati.