Siku 180 za Kusubiri

Watu wengi wakisikia habari za upandikizaji mimba humfikiria daktari na hadubini yake, lakini mimi, niliyewahi kuisoma fomu ya ridhaa ya kliniki moja ya Uingereza tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hustaajabia zaidi sheria iliyojificha nyuma yake. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2004 kuhusu tishu na seli za binadamu, ambalo Uingereza iliingiza katika sheria zake mwaka 2007, linataka kila seli iweze kufuatiliwa kutoka kwa mtoaji hadi kwa mpokeaji kwa miaka 30.

Chukua mbegu za kiume za mchangiaji. Mchangiaji mwenyewe hupimwa VVU, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende; kisha mbegu hufungwa katika mirija myembamba kama ya peni, hubandikwa lebo, na kuzamishwa katika nitrojeni ya kimiminika yenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Hapo hukaa angalau siku 180 mpaka mchangiaji apimwe tena, kwa sababu maambukizi mapya huweza kujificha kwenye kipimo cha kingamwili, yaani askari ambao mwili huchukua muda kuwatengeneza dhidi ya virusi. Kipimo kinachosaka virusi vyenyewe ndicho kiwezacho kuondoa kungoja huko.

Tangu Julai 2022 Uingereza imeruhusu uhifadhi wa seli hizi kufika miaka 55, mradi anayejiwekea za matumizi yake mwenyewe ahuishe ridhaa kila baada ya miaka 10. Hapo ndipo nina shaka: watu huhama, na barua hupotea.