Mtoto Hana Eda

Kwetu Tanga, mjane wa Kiislamu hukaa eda kwa miezi 4 na siku 10, kisha jamaa humruhusu kuanza maisha mengine. Lakini mtoto aliyefiwa na baba hawekewi muda wowote, na huenda ndiyo sababu watu wazima humtarajia awe amemaliza kuomboleza siku ile ile mama yake anapoolewa tena.

Binti wa marehemu kaka yangu alikuwa na umri wa miaka 9 alipohamia nyumbani kwa baba wa kambo, ambako alikuta watoto wengine wawili. Mume huyo ni mtu mwema, nami nasema hivyo bila kusita. Hata hivyo, binti alikataa kula pamoja nao, na kila alipotakiwa achangamke aliona kana kwamba anaombwa amsaliti baba yake aliyelala kaburini.

Nilimsihi wifi yangu asimlazimishe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake, na sioni jambo linalomgusa zaidi kuliko nyumba anayolala. Tangu hapo picha ya baba yake imetundikwa chumbani kwake, na jioni ya Alhamisi wote humsomea marehemu Yasini, baba wa kambo akiwamo. Sasa anakula pamoja nao. Sikukuu bado anataka kuja kwangu, na tumekubaliana aje.